Lugha Mbili, Baba Mmoja

Mahubiri ya Dominika ya Pentekoste



Wapendwa wasikilizaji, mlio majumbani, mlio safarini, nanyi mlio vitandani kwa ugonjwa: leo Mama Kanisa anaadhimisha sherehe ya Pentekoste, siku aliyoshuka Roho Mtakatifu juu ya Mitume. Katika somo la kwanza, kutoka sura ya pili ya kitabu cha Matendo ya Mitume, tumesikia jinsi umati wa watu ulivyokusanyika kwa mshangao. Mtakatifu Luka anawataja kabila kwa kabila: Waparthi, Wamedi na Waelami, wenyeji wa Mesopotamia, wa Ponto na Kapadokia, wa Misri na Libya, wageni kutoka Roma, Wakrete na Waarabu. Kila mmoja wao aliwasikia Mitume wakiyatangaza matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Wengi katika umati ule, bila shaka, walikuwa wakielewa Kigiriki, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotumika masokoni na bandarini katika nchi nyingi za wakati ule. Ingetosha basi Roho Mtakatifu awajalie Mitume Kigiriki fasaha, na Habari Njema ingewafikia wengi wao. Hakufanya hivyo. Alipita juu ya lugha ya soko, akaingia mpaka jikoni, mpaka kwenye mkeka alikolelewa kila mmoja, akasema nao kwa maneno waliyoyapokea mapajani pa mama zao. Tujiulize: kwa nini Mungu alifanya kazi kubwa namna hiyo, wakati lugha moja ingefaa?

Sisi tuliokulia Ngonga, katika tambarare za Kyela, tunalifahamu swali hili tangu utoto wetu. Nasi tulikuwa na lugha mbili. Nyumbani tulisema Kinyakyusa. Tulipovuka mlango kwenda shuleni, na Dominika kwenda kanisani, tulisema Kiswahili. Hatukuona ajabu yoyote. Mtoto mwenye lugha mbili hajui kwamba anazo mbili. Anajua tu kwamba kwa mama husemwa hivi, na kwa mwalimu husemwa vile. Na hata ziwa letu lina jina lenye lugha mbili ndani yake. Neno “nyasa” katika lugha za pwani ya ziwa lilimaanisha maji makubwa, yaani ziwa. Livingstone alipofika mwaka 1859 alilichukua neno hilo kama jina, na tangu hapo tunaposema “Ziwa Nyasa” tunasema “Ziwa Ziwa”, wala hakuna anayecheka.

Kinyakyusa na Kiswahili ni ndugu. Mtu kwetu ni umundu, na watu ni abandu. Mtoto ni umwana, na watoto ni abana. Mtoto wa Ngonga alipofungua kitabu chake cha kwanza cha Kiswahili alikuta sura anazozijua zimevaa nguo nyingine. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga nchini Malawi, wako Wangonde ambao lugha yao ni hiyohiyo yetu kwa tofauti ndogo. Mto wenyewe, ambao ndio mpaka wa nchi mbili, hauna utulivu: mafuriko yakija huhama njia yake, na shamba lililolala upande huu huamka upande ule. Lakini salamu ya asubuhi haihami. Huku ni “Ugonile”, umelala salama? Na jibu na shukrani ni “Ndaga”.

Hatutaki kusema kwamba kila kitu kilikuwa chema. Ziko shule, wala hatuzitaji kwa majina, ambako mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alichapwa fimbo, au alivishwa shingoni kitu cha kumwaibisha mpaka ampate mwenzake aliyekosea kama yeye, amkabidhi. Walimu wale walikuwa na sababu zao. Taifa lilikuwa changa, lina makabila zaidi ya 120, na hofu ya kugawanyika ilikuwa hofu ya kweli. Lakini mtoto mdogo haelewi siasa ya nchi. Anaelewa fimbo. Wako waliotoka pale wakidhani kwamba lugha ya mama ni kama tope la jaruba, ambalo sharti ulinawe kabla ya kuingia mahali pa heshima.

Wapendwa, Kiswahili hakihitaji kutetewa kwa fimbo, kwa kuwa zawadi zake zinajitetea zenyewe. Katika seminari kuu tuliishi pamoja Wahaya na Wangoni, Wachaga na Wamakonde, Wafipa na Wanyakyusa, na hakuna aliyekuwa mgeni, kwa sababu tulikuwa na lugha moja ya kuulizana hali na ya kusali pamoja. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya Liturujia Takatifu, mlango ulifunguliwa ili Misa iadhimishwe kwa lugha za watu. Nasi tukampokea Kristo altareni kwa Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliyelelewa kwa lugha ya kabila dogo, ndiye aliyekitukuza Kiswahili kuliko wengi waliokirithi, hata akazitunga Enjili kwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mwaka 2021 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunashukuru na kujivunia.

Lakini shirika hilohilo, mwaka 1999, lilikuwa limekwisha kuitangaza siku nyingine: tarehe 21 Februari, Siku ya Lugha ya Mama. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa ukumbusho wa vijana waliouawa kwa risasi mjini Dhaka mwaka 1952, walipoandamana kudai lugha yao ya Kibengali itambuliwe. Dunia hiyohiyo, basi, imeona vema kuiheshimu lugha inayounganisha na lugha inayozaa. Mwenye hekima hachagui kati ya baba na mama.

Viumbe vya ziwa letu vinatufundisha jambo hili. Ninyi mnaotoka Kyela mnamjua mbasa. Samaki huyu hukulia ziwani, penye kina kirefu na chakula kingi. Lakini majira ya mvua yanapowadia na mito kujaa, huliacha ziwa, akapanda mtoni akishindana na mkondo, ili atage mayai yake juu ya changarawe, katika maji yaendayo kasi. Vifaranga huanguliwa mtoni, kisha hushuka ziwani kukua. Ziwa peke yake halimtoshi; mto peke yake haumtoshi. Anaishi kwa maji mawili, na anaijua njia ya kutoka huku kwenda kule.

Nasi tunajua pia kinachompata. Mbasa amepungua sana kuliko zamani. Watu hutega nyavu midomoni mwa mito wakati anapopanda, na udongo unaosombwa kutoka mashamba ya milimani huifunika changarawe anamotagia. Ziwa lipo palepale, pana na lenye kina cha mita zipatazo 700. Kilichofungwa ni njia. Na anayefunga mdomo wa mto hamli samaki wa leo tu. Anamla na yule wa kesho ambaye bado hajazaliwa.

Tunataka kuyasema haya kwa habari ya watu, na hapa mtuwie radhi tukitaja jambo la nyumbani kwetu, kwa maana tunajua si la nyumba yetu peke yake.

Mama yetu mzazi alijua Kiswahili. Alikitumia sokoni alipouza mchele, alikitumia zahanati, alikitumia kwenye jumuiya. Lakini ugonjwa wake wa mwisho ulipomlaza, Kiswahili kilimwacha taratibu, kama nguo inayovuliwa jioni. Siku zake tatu za mwisho alisema Kinyakyusa tu. Wajukuu walikuwa wamefika kutoka Mbeya na Dar es Salaam, vijana wema, wenye elimu na adabu, wakapiga magoti kando ya kitanda chake. Naye akawashika mikono mmoja mmoja, akawa anasema nao kwa muda mrefu. Mmoja wao, binti wa miaka kumi na minne, alitugeukia machozi yakimtoka, akauliza, “Baba Padre, Bibi anasema nini?”

Alikuwa anambariki. Alikuwa anamtajia majina ya mababu, akimweleza ni kwa nani amerithi macho yake, akimwomba Kyala, ndiye Mungu, amtunze njiani. Tulimfasiria kwa kadiri tulivyoweza. Baraka iliyofasiriwa ni baraka bado, wala Mungu hapungukiwi na kitu. Hata hivyo tuliiona huzuni ya pekee usoni mwa binti yule. Alikuwa anafiwa mara mbili. Alikuwa anampoteza bibi yake, na wakati huohuo alikuwa anagundua kwamba kuna upande mzima wa bibi huyo ambao hakupata kuujua akiwa hai. Hakuna wa kulaumiwa. Wazazi wake walitafuta kazi mahali kazi ilipo, wakaoana watu wa makabila mawili, wakalea kwa lugha inayowaunganisha. Ndivyo nyumba nyingi za Tanzania zilivyo leo, na ni jambo jema. Lakini hasara ni hasara hata kama haina mkosaji.

Maandiko Matakatifu yanamjua mtu wa namna hii. Kumbukeni habari za Yusufu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 42. Aliuzwa Misri akiwa kijana. Akajifunza lugha ya Misri, akapewa jina la Misri na mke wa Misri, akawa mkubwa wa nchi. Njaa ilipowaleta ndugu zake kununua nafaka, alisema nao kwa kinywa cha mkalimani, nao hawakumtambua. Ndipo wakaanza kusemezana wao kwa wao, kwa lugha ya nyumbani kwa baba yao, wakiamini kwamba bwana yule mkubwa hawaelewi. Walikuwa wanajuta kwa ubaya waliomtendea ndugu yao. Naye Yusufu akaelewa kila neno. Akageuka kando, akalia.

Hebu tufikiri juu ya machozi yale. Yusufu alikuwa amesikia mambo mengi kwa lugha ya Misri: ameshitakiwa kwa uongo, amefungwa, amesifiwa, amepandishwa cheo. Yote hayo Maandiko hayasemi kwamba yalimliza. Kilichomliza ni kusikia toba ikisemwa kwa lugha aliyosikia utotoni, bila mkalimani katikati. Lugha ya Misri ilimpa ugavi wa kuyaokoa mataifa na njaa. Lugha ya baba yake ilimpa kusamehe. Mungu alizitumia zote mbili. Kama Yusufu angekuwa hajui Kimisri, ndugu zake wangekufa kwa njaa. Kama angekuwa ameisahau lugha ya nyumbani, wangeondoka na magunia yao, lakini bila ndugu.

Na Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alikulia katika hali hiyo. Nyumbani Nazareti alisema Kiaramu. Katika sinagogi alisoma Maandiko kwa Kiebrania. Enjili zimeandikwa kwa Kigiriki, ili ziwafikie watu wengi, lakini Mwinjili Marko alikataa kuyafasiri maneno machache bila kwanza kutupatia sauti yenyewe. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, alipomfungua masikio bubu kwa kusema “Efatha”, alipomlilia Baba yake juu ya msalaba, Marko anatuandikia Kiaramu chake. Na alipokuwa akitoka jasho la uchungu katika bustani ya Getsemane, alimwita Mungu “Abba”. Hilo ni neno la nyumbani, kama sisi tunavyosema “Tata”. Katika saa ya kifo, Mwana wa Mungu alisali kwa lugha aliyofundishwa na Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu.

Hapo, wapendwa, ndipo tunapopata jibu la swali letu. Mungu hakuchagua lugha za nyumbani siku ya Pentekoste kwa sababu watu wasingeelewa lugha nyingine. Alizichagua kwa sababu hakutaka kuelewa tu. Alitaka kuugusa moyo pale ulipofundishwa kupenda kwanza. Marehemu Papa Fransisko, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina mwezi Januari 2018, aliwakumbusha wazazi kwamba imani hurithishwa kwa lahaja ya nyumbani, yaani lugha ya upendo wa baba na mama. Na katika waraka wake Laudato Si', wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kutoweka kwa utamaduni wa watu kwaweza kuwa msiba mkubwa sawa na kutoweka kwa aina ya mnyama au mmea, au hata kuuzidi. Aliyaweka mambo hayo mawili katika waraka mmoja, maana yanakwenda pamoja. Mama zetu walipotufundisha lugha, walitufundisha pia ziwa: jina la kila samaki, majani ya kutuliza homa, maana ya kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi na ambao watu wa pwani hii huwakamata na kuwala. Neno likifa, mara nyingi kitu chenyewe hubaki bila mlinzi, kwa sababu mtu hakilindi asichoweza kukiita.

Tena yako maneno ambayo yamebeba fadhila nzima ndani yake. Wanyakyusa wana neno “ukwangala”. Si kuzungumza tu, wala si kula pamoja tu. Ni kukaa na wenzako kwa wema, kushiriki chakula na habari, kujifunza adabu kwa kuwa miongoni mwa watu. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliliona neno hilo kuwa ufunguo wa maisha yao, na kitabu chake cha mwaka 1951 kinahusu jambo hilo hasa. Sisi Wakristo tunapolisikia tunaikumbuka ile jumuiya ya kwanza ya Yerusalemu, iliyomega mkate nyumba kwa nyumba kwa furaha. Mtoto asiyelijua neno hilo hatakosa wokovu. Lakini amepunguziwa kitu ambacho bibi yake alikuwa nacho cha kumpa.

Hata hivyo tujihadhari. Roho wa Pentekoste hakuwapa watu lugha ili wafichane. Lugha ya mama ikitumika kumtenga mwingine, inageuka kuwa Babeli. Tumeona misibani mkwe wa kabila jingine akiwa ameketi peke yake, mchana kutwa, watu wakisema na kucheka mbele yake kwa lugha asiyoijua. Tumeona ofisini watu wawili wakihamia lugha yao anapoingia wa tatu. Huo si utamaduni. Huo ni utovu wa upendo. Mgeni akiingia, lugha nayo imsogezee kiti.

Basi, wapendwa, tufanye nini? Tunawaomba mambo matatu, nayo hayagharimu fedha.

La kwanza, ninyi mababu na mabibi. Msingoje kitanda cha mwisho ili mwabariki wajukuu wenu. Wabarikini sasa, mkiwa na nguvu, na mwafundishe kuielewa baraka hiyo. Wakija likizo, waiteni shambani na ziwani, mwaambie jina la kila kitu. Wakikosea kutamka, msiwacheke. Mtoto aliyechekwa hufunga kinywa.

La pili, ninyi wazazi. Katika sala ya jioni ya familia, hata kama ninyi wawili mmetoka makabila mawili, tengeni mahali pa lugha ya baba na mahali pa lugha ya mama. Baba Yetu leo kwa Kinyakyusa, kesho kwa Kibena, Dominika kwa Kiswahili mkiwa wote pamoja. Mtoto atajua kwamba Mungu aliyesikia sala za bibi yake ndiye anayesikia na zake.

La tatu, sisi sote tuliofiwa. Wako miongoni mwenu ambao aliyekuwa akisema nanyi lugha ya nyumbani amekwisha kwenda, na sasa hakuna wa kuwaitikia “Ndaga” asubuhi. Tunaijua upweke wa namna hiyo. Semeni lugha hiyo na Mungu. Hakuisahau. Ndiye aliyempa mama yako, na mama yako hakuwa na nyingine ya kukuimbia. Na katika Ushirika wa Watakatifu tunaoungama, wale waliotutangulia hawakunyamaza, wanatuombea.

Tumwombe Roho Mtakatifu aziache wazi njia zote mbili ndani yetu: njia ishukayo kwenye maji mapana, tunakokutana na watu wa kila kabila, na njia ipandayo kwenye mto mwembamba tulikozaliwa. Asitokee mtu wa kuziba mdomo wa mto huo, wala kwa fimbo, wala kwa aibu, wala kwa kusahau. Na siku tutakapofika nyumbani kwa Baba, ambako watu wa kila taifa na kila lugha wamesimama mbele ya Mwanakondoo, binti yule na bibi yake watasemezana bila mkalimani.

Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.